Mafiga Nyuma ya Seng'enge

Ufunguo wa lango la mwamba ninauvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu, chini ya blauzi. Mwenyekiti wa kamati amenishauri mara nyingi niutundike ukutani kama watu wengine wanavyotundika funguo zao, nami humjibu kwamba ukuta haujui kuchukia. Hucheka akidhani ni mzaha. Wageni wanaokuja kuutazama mwamba huniona nikiingiza mkono kifuani na kuutoa ukiwa na joto la mwili wangu, na wengine hutabasamu, hasa wale wa chuo kikuu. Watabasamu tu. Wamekuja kutazama mawe, hawakuja kunitazama mimi.

Mwamba wenyewe si mkubwa. Ukija na picha za milima kichwani utasikitika. Ni kipande cha ardhi kilicho uchi nyuma ya boma la mama mkwe wangu, safari fupi ya pikipiki kutoka Khayega, na jiwe lake ni la kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, limevimba mafungu mafungu kama mikate iliyoumuka ikabanana kwenye trei moja. Jioni hushika joto la mchana, kwa hiyo mbuzi walipenda kulala pale. Sasa mbuzi hawaruhusiwi. Pamezungushiwa seng'enge, pana lango dogo la chuma, na pana bango linalosema ni marufuku kuvunja, kuokota wala kuondoa jiwe lolote. Hilo neno kuokota niliingiza mimi. Wataalamu walikuwa wameandika kuvunja na kuondoa tu. Nilisimama mkutanini nikawaambia kwamba bila kuokota, bango hilo ni pambo. Wakaandika, wakanisifu kwa kupenda urithi wa nchi yangu.

Urithi wa nchi sikuufikiria hata kidogo. Nilimfikiria shemeji yangu.

Nimezaliwa Kabras, kwenye miwa. Kwetu unaweza kutembea asubuhi nzima usijikwae kwenye jiwe, na mama yangu alipikia kwenye vifungu vya udongo wa kichuguu alivyovifinyanga mwenyewe. Kwa hiyo nilipoolewa upande huu, na mama mkwe akaniamsha asubuhi akaniambia tunakwenda kuchagua mafiga, nilifikiri anakwenda kununua. Alinichukua hadi kwenye mwamba. Alizunguka chini yake, mahali ambapo vipande vya mviringo huanguka vyenyewe baada ya mvua kubwa, akawa anavigeuza kwa mguu na kuviacha, anavigeuza na kuviacha, mpaka akapata vitatu vilivyolingana kimo.

Akanifundisha sheria ya nyumba ile. Figa halivunjwi kutoka kwenye mwamba. Unachukua lile ambalo mwamba umeliachia. Mwanamume haligusi wala halibebi, hata kama mke ni mgonjwa. Mama mkwe ndiye anayeyapanda mafiga ardhini kwa mkono wake, na bibi arusi anapika juu yake obusuma wa kwanza, ndio ugali wetu, na ingokho, kuku, watu wanakula, basi wewe ni wa nyumba. Tangu hapo mafiga hayaondoki. Ukifa yanabaki. Na mke akiyang'oa mwenyewe, amemng'oa mama aliyeyapanda, na mama huyo hawezi kumsemesha tena mpaka mafiga yarudi mahali pake.

Nilimsikiliza kwa nusu sikio. Nilikuwa msichana, nimevaa leso mpya, nawaza mambo mengine kabisa.

Nilipikia mawe yale ndoa yangu yote. Yalikuwa na ngozi yenye vitundu vidogo vidogo, ukipitisha kiganja unavihisi, na hayakuwahi kupasuka. Wanawake walioishi mbali na mwamba walipikia mawe ya kawaida na kila baada ya muda ungesikia jiwe la mtu limetoa ufa. Yangu, wapi. Mama mkwe alikuwa akija jikoni kwangu kuota moto hata kama kwake kulikuwa na moto. Alikuwa akiniita Mkabrasi, na siku za kwanza liliniuma, baadaye nikaona kwamba hakuna mtu mwingine analitamka vile, kwa sauti ya mtu anayemwita paka wake. Nilimpenda yule mwanamke. Nisipolisema hilo, haya mengine hayataeleweka.

Mume wangu aliugua akafariki. Baada ya hapo ndipo nilipomjua shemeji, mdogo wake.

Shemeji ni mtu wa kusalimia kwa kelele. Anakusalimia ukiwa bado barabarani, wewe hujamwona, na majirani wote wameshajua kwamba amekusalimia. Kanisani ndiye wa kwanza kusimama kutoa ushuhuda. Alikuwa ameanza kazi ya kokoto, maana mji wa Kakamega unajengwa kila upande, na malori yalikuwa yanapita Khayega kutafuta mawe hata kwa watu wasiouza. Kazi yake ilikuwa hivi: unawasha moto wa matairi mabovu juu ya jiwe, unauacha uwake mpaka jiwe liive, halafu unalimwagia maji ya baridi. Jiwe linalia, linapasuka. Baada ya hapo wapondaji wanakuja na nyundo. Alishamaliza mawe ya shamba lake. Mwamba ulikuwa umebaki, na njia ya lori kuufikia ilipita katikati ya jikoni langu.

Aliniomba nihame kwa upole mwanzoni. Nikakataa. Akaleta wazee wawili, nikakataa mbele yao. Akasema mjane hana sauti juu ya njia, nami nikamwambia sauti ninayo, asogee nimmwagie masikioni.

Akasubiri mama mkwe aende kwa binti yake, alikokwenda kutibiwa macho. Asubuhi moja nimeweka maji ya uji motoni, nikasikia vishindo. Alikuja na vibarua wa mbali, watu nisiowajua. Hakunigusa. Hilo lazima niliseme, kwa sababu yeye mwenyewe hulisema sana: sikumgusa. Aliingia jikoni, akaipiga sufuria teke, akainama, akayang'oa mafiga yangu moja moja yakiwa bado ya moto, kwa kuyafunga gunia lililolowa maji. Moshi wa gunia ulimtoa machozi. Akayatupa nje kwenye rundo la mawe yake, na mpondaji mmoja, hajui hili wala lile, akayapiga nyundo kama mawe mengine yote. Nilisimama pale nikaona mawe yangu yakiwa kokoto. Lori likaja, likapakia, likaondoka. Mahali fulani Kakamega kuna nyumba ya mtu ambayo mafiga yangu yamo ndani ya zege yake, na mwenye nyumba analala vizuri.

Nilikwenda Khayega nikakodisha chumba, nikafungua kibanda cha chai.

Mama mkwe aliporudi alikuta jikoni hakuna, pamebaki mashimo matatu kwenye majivu. Akauliza. Shemeji akamwambia Mkabrasi ameyang'oa mafiga yake mwenyewe, ameyabeba, amerudi kwao kwenye miwa. Yule mama alikuwa tayari haoni vizuri. Alipiga magoti akapapasa yale mashimo, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, akaondoka bila kusema neno.

Nilimtumia watu. Nilimtumia mchungaji. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mlangoni nikasema, "Mama, ni mimi." Akageuza uso upande wa ukuta. Sheria ya nyumba ilikuwa hivyo na mimi niliijua, alinifundisha yeye: mpaka mafiga yarudi mahali pake, hanisemeshi. Na mafiga yalikuwa kokoto. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na uso wa huzuni, mkono begani mwa mama. Siku hiyo nilimwapia. Sikuapa kwa Mungu, kwa sababu nilijua Mungu angenishauri nisamehe.

Kisasi changu kilikuja kikiwa na viatu vya kamba na kofia. Kundi la wanafunzi na mwalimu wao mwanamke walisimama kwenye kibanda changu kunywa chai, wakauliza njia ya kwenda kwenye mwamba fulani wa kijani waliousoma vitabuni. Nikafunga kibanda nikawapeleka mwenyewe, kwa njia ya nyuma. Walipofika waliweka mifuko chini. Mwalimu alipiga magoti kama mama mkwe alivyopiga magoti kwenye majivu, akaanza kupapasa yale mafungu. Akanieleza, na alieleza vizuri, hakuniringia: kwamba hapa zamani sana, kabla ya mnyama yeyote mwenye mfupa, palikuwa chini ya bahari, na uji wa moto ulichomoka kutoka ardhini ukakutana na maji, kila tone kubwa likapata ngozi na kuviringika, jingine likalalia juu yake. Ndiyo maana yamekaa vile, mviringo juu ya mviringo. Akasema mahali pa kuyaona wazi namna ile ni pachache.

Nikamwuliza, "Na vile vitundu?"

"Hewa," akasema. "Mapovu yaliyokuwa yakitoka."

Kwa hiyo nilikuwa nimepikia uji juu ya uji. Ningecheka, lakini mbele yetu palikuwa na doa jeusi la matairi, na ufa mpya mrefu, na mwalimu alikuwa akiutazama kwa hasira. Ile hasira niliitambua. Nikamwuliza swali langu la pili, ambalo ndilo lililonifikisha hapa nilipo: serikali ikijua kitu hiki kipo, mtu anaweza kuzuiwa kukivunja?

Akasema anaweza.

Sitaeleza safari zote. Nilihudhuria kila baraza. Nilikaa kwenye viti vya plastiki nikasikiliza hotuba za watu wanaopenda kusikiliza sauti zao. Chifu alinizoea mpaka akawa ananiambia nikae mbele. Nilijifunza kusema maneno kama uhifadhi na vizazi vijavyo, nikiyasema huku namtazama shemeji, ambaye alikuwa akikaa nyuma na kofia magotini. Alisimama mara moja akasema mawe ni mawe. Mwalimu yule akamjibu kwa upole kwa muda mrefu sana, na kila sentensi yake mimi niliionja ulimini.

Mwamba ukatangazwa kuwa hifadhi. Seng'enge ikaja. Lori la mwisho liliondoka tupu, na dereva akapiga honi kwa dharau. Njia ya malori haikuwa na kazi tena, chifu akaamuru nirudishiwe kiwanja changu, na kamati ilipouliza nani anaishi karibu awe na ufunguo, niliinua mkono kabla swali halijaisha.

Nilijenga jikoni mahali pale pale. Halafu nikaketi ndani yake nikakumbuka kwamba sina mafiga, na kwamba mimi ndiye niliyeandikisha neno kuokota. Chini ya mwamba, hatua chache kutoka mlangoni pangu, vipande vya mviringo vilikuwa vimelala vinanisubiri. Ufunguo ulikuwa kifuani pangu. Ningeweza kuingia. Lakini ningeokota moja tu, shemeji angejua, na angekwenda kunisema kwa kelele zake, na seng'enge yote ingekuwa upuuzi. Nikanunua matofali ya kuchoma kwa jirani. Tofali halikuumbwa kwa kazi hiyo. Linapasuka, sufuria inainama, supu inamwagika. Nimeweka rundo lake nyuma ya jiko, likifa moja nachukua jingine. Miaka yote hii nimepikia matofali, mama mkwe akipita uani kwangu na fimbo yake bila kugeuza kichwa, na nimekula chuki na ugali mbichi upande mmoja. Sikujuta. Watu wakiniambia chuki inamla anayeibeba, nawaambia waniache niliwe, nyama ni yangu.

Basi mwaka huu kijana wa shemeji akapata mchumba wa Lugari, binti wa wakulima wa mahindi, mrefu, mkimya, anayejua kucheka kwa macho. Harusi ikapangwa. Na mama mkwe, ambaye sasa haoni kabisa, akasema jambo moja: kabla hajafa atapanda mafiga ya mjukuu, ya mwamba, kama alivyopanda ya wengine.

Shemeji alikuja kwangu asubuhi, bila kelele. Alisimama nje ya jikoni akabisha hodi. Nilitamani majirani wasikie jinsi alivyobisha kwa sauti ndogo.

"Shemeji, umerara aje?"

"Nimelala. Karibu ndani."

Alisita. Nikamwekea kigoda karibu na moto, makusudi, karibu na matofali. Sufuria ilikuwa imeinama. Aliyatazama, akaangalia pembeni.

"Ni mama ndio amenituma," akasema. "Unajua vile sisi hufanyanga. Anataka mawe tatu tu. Ya kuanguka yenyewe, si ya kuvunja."

"Bango linasemaje?"

"Shemeji, hilo bango ni ya wageni. Sisi ni watu ya hapa."

"Soma hilo neno la katikati halafu uniambie kama limeandikiwa wageni."

Nikamkaangia yai, nikampa na chai, maana hatoki mtu kwangu na njaa, na nilitaka akae. Alikula akitazama chini. Jasho lilimtoka kwenye paji. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa muda mrefu hivi kwamba ilipokuja sikutaka iishe.

"Kama ni mambo ile ya zamani..." akaanza.

"Mambo gani?"

Hakuyataja. Angeyataja pale, jikoni, sisi wawili tu, labda ningeamka nikafungue lango. Sijui. Alikunywa chai yake mpaka majani ya chini, akasema, "Sawa basi," akaondoka. Nikasikia kwamba alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti akamsomea sheria. Nilifurahi siku nzima. Niliimba nikifua.

Siku ya bibi arusi kupika ilifika, na mimi nilialikwa kwa sababu kutonialika kungeleta maswali. Wakwe wa Lugari walikuwa wameketi chini ya hema, suti na vitambaa vya kichwa, sahani za njugu zinazunguka. Shemeji alikuwa na suti ya kijivu na simu mkononi, anapiga video kila kitu. Kelele zake zilikuwa zimerudi. Na kwenye jiko jipya palikuwa na mawe matatu ya mviringo, yamesafishwa, yamepangwa juu ya kitambaa.

Niliyaona nikiwa langoni. Yalikuwa laini mno, na rangi ya kahawia kwa chini, na kitambaa kilikuwa kimechukua unyevu. Yalikuwa mawe ya mto. Alikuwa amekwenda Isiukhu akatoa mawe majini.

Mwanamke yeyote wa huku anajua kwamba jiwe la mto halipikiwi. Limenyonya maji miaka na miaka, na maji yakichemka ndani hayana pa kutokea. Lakini yeye alilelewa katika nyumba ambayo mwanamume hagusi figa, kwa hiyo elimu hiyo hakuipata, ingawa aliishi kwa kupasua mawe kwa moto na maji. Sikuamini. Nilitaka kumshika mkono mtu wa karibu nimwambie, tazama, tazama alichojifanyia.

Sikumwambia mtu.

Mama mkwe aliletwa akiwa ameshikwa mkono. Akapiga magoti, akapewa jiwe la kwanza. Alilipapasa. Kiganja chake kikazunguka mara ya pili, kikitafuta vile vitundu.

"Limetoka wapi hili?"

"Mwamba, mama," akasema shemeji, simu iko juu. "Ni yale yale. Yameoshwa tu."

Mama aliyapanda. Nilimhurumia, na huruma hiyo ikaenda kuongeza hasira. Moto ukawashwa, sufuria ya maji ya obusuma ikawekwa, wakwe wakapiga makofi, mchungaji akaomba. Bibi arusi alichuchumaa karibu kabisa na moto, na shela yake. Yeye hakuwa amenikosea. Nikamwita kutoka upande wa ungo: "Mwanangu, njoo hapa unichekechee unga, maji bado." Akaja. Nikawaondoa na watoto, nikawaambia moshi utawaharibia macho. Mama mkwe alikuwa amesharudishwa kwenye kiti. Shemeji peke yake ndiye aliyebaki pale, ameinama na simu yake, anataka maji yachemke kwenye video.

Lilipasuka kwa kishindo kama mlango uliopigwa na upepo. Sufuria ilikwenda upande, maji yakamwagikia moto, mvuke na majivu vikapanda juu vikashuka juu ya suti ya kijivu. Jiwe la pili likafuata. Shemeji aliruka nyuma akaanguka kitako. Hakuumia. Alikuwa mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Simu bado ilikuwa inapiga video.

Hakuna aliyecheka. Wakwe walisimama. Figa kupasuka bibi arusi akipika chakula chake cha kwanza ni jambo ambalo watu wa Lugari watalisimulia mpaka wamalize mahindi ghalani, na shangazi mmoja wa binti alikuwa tayari ameshika mkoba wake.

"Mawe haya yametoka wapi?" Mama mkwe aliuliza tena. Safari hii hakuwa anauliza.

"Mama, ni ya mto," shemeji akasema. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyo, akaongeza haraka, "Mkabrasi alininyima ufunguo! Mulizeni! Amefungia watu mawe ya nyumba yao!"

Wote wakanigeukia. Mama mkwe hakugeuka, lakini alisema, akiiambia hewa, si mimi, "Aulizwe kwa nini."

Nilisogea mbele. Niliingiza mkono kifuani nikautoa ufunguo, nikauinua juu mpaka kila mkwe akauona.

"Ufunguo ni huu," nikamwambia shemeji. "Kwanza mwambie mama mafiga yangu yako wapi."

"Shemeji, hapa kuna wageni."

"Ndiyo. Sema."

Alitazama ufunguo. Alitazama mkoba wa shangazi. Majivu yalikuwa yakimdondoka kwenye nyusi. Nafikiri alipiga hesabu kwamba aibu ya zamani ni nafuu kuliko harusi kuvunjika, na kwamba akisema nitafungua, mawe yataletwa, mambo yataendelea.

"Yalienda na lori," akasema.

"Nani aliyang'oa?"

"Mimi."

"Sema usikike. Wewe una sauti."

"Ni mimi niliyang'oa!" akapaza. "Mama, ni mimi. Yeye hakuyagusa."

Nikasubiri kidogo, nikaurudisha ufunguo chini ya blauzi.

"Jiwe la mwamba haliokotwi," nikasema. "Ni sheria."

Sikuwa nimemwahidi chochote. Nilikuwa nimeinua ufunguo tu. Aliufumbua mdomo akaufumba, na kwa yale majivu alionekana mzee sana, na mimi nilikunywa sura hiyo yote, sikubakiza.

Mama mkwe aliomba fimbo yake. Akatoka chini ya hema peke yake, akavuka uwanja, akaja mpaka mlango wa jikoni langu, ambao hakuuvuka tangu mashimo yale. Tulimfuata. Aliingia jikoni kwangu akipapasa ukuta, akapiga magoti penye jiko baridi, akanyoosha mkono chini ya sufuria. Akagusa tofali la kwanza, kona zake nne. Akagusa la pili, lililopasuka, akaingiza kidole kwenye ufa. Akakaa hapo.

"Mkabrasi," akasema. "Mwana wanje. Umekuwa ukipikanga kwa matofali?"

"Ndiyo, Mama."

Nililia mbele ya watu wa Lugari, nikiwa na kamasi, bila aibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu cha siku ile isipokuwa kuitwa vile, Mkabrasi, mwanangu.

Aliniomba tofali zima. Nikamletea kutoka kwenye rundo nyuma ya jiko. Akang'oa lile bovu, akachimba kwa vidole, akapanda jipya, akalisukuma kwa kiganja mpaka likasimama sawa na wenzake, akapangusa mikono kwenye kanga. Kisha akaniambia nitoe mengine matatu mazuri kwa ajili ya binti wa watu, maana hawezi kulala njaa kwa sababu ya mjinga mmoja. Yule binti alicheka kwa macho yake, na shangazi yake akauachia mkoba.

Bibi arusi aliinama kuyachukua.

"Wewe acha," mama mkwe akasema. "Mwanangu yuko wapi? Abebe yeye."

Mchungaji alikohoa. Wazee wakatazamana, mwanamume wa nyumba ile hajawahi kuonekana akibeba mafiga. Shemeji alisema, "Mama," mara moja tu. Basi akainama na suti yake, nikampangia matofali kichwani moja moja, nikayaweka sawa, tena nikarudia kuyaweka sawa, na vumbi jekundu likamshukia juu ya lile jeupe.

Kutoka jikoni kwangu hadi kwao njia ni fupi, lakini kuna nyingine inayozunguka seng'enge, inapita mbele ya bango na kutokea barabarani penye waendesha bodaboda. Nikamwonyesha hiyo. Alitangulia akiwa ameshikilia mzigo kwa mikono miwili, nami nikafuata nyuma, polepole, nimemshika mama mkono kwa sababu alisema anataka kutembea na mimi. Bodaboda wakazima pikipiki zao kutazama. Hakuna aliyemsalimia.

Penye lango la mwamba alisimama kupumua. Hakugeuka, asije akaangusha matofali.

"Shemeji," akasema, "sasa umetosheka?"

"Bado," nikamwambia. "Tembea."